Kuyeyusha si Kazi, Kazi Kupoza

Balbu za zamani, zile za waya mwembamba unaowaka ndani ya kioo, zilitegemea tungsteni. Metali hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 3,422 za Selsiasi, juu kuliko metali nyingine yoyote. Chuma cha kawaida huwa uji kwenye nyuzi 1,538. Mwanzoni mwa karne ya 20 watengenezaji wa balbu waliijua sifa hiyo, lakini waya wenyewe uliwashinda: ukiupinda unakatika, ukiutikisa unakatika. William Coolidge, mtafiti wa General Electric mjini Schenectady, jimbo la New York, alihangaika nao kwa miaka kadhaa, na ilipofika 1910 alikuwa ameupatia dawa. Aliifua tungsteni ingali ya moto, akaivuta kupitia tundu baada ya tundu, kila moja jembamba kuliko lililotangulia, mpaka chembe za ndani zikalala kwa urefu na waya ukakubali kupindwa.

Zaidi ya miaka 100 baadaye, wahandisi wa nyuklia wanaitaka tungsteni ileile, ila si kwa ajili ya waya. Wanataka vipande vyenye mifereji iliyojikunja ndani kwa ndani, kuta zisizofikia unene wa milimita moja, na maumbo ambayo hakuna mashine ya kukereza inayoweza kuyafikia. Wanayoitegemea ni printa ya 3D, ambayo hujenga kitu tabaka juu ya tabaka kwa kuyeyusha unga wa metali. Shida ni kwamba printa haifui. Haina nyundo wala tundu la kuvutia. Inayeyusha, inaacha kilichoyeyuka kipoe, inasonga mbele. Na tungsteni isiyofuliwa ndiyo ileile iliyokuwa ikikatika mikononi mwa Coolidge.

Tungsteni ina ndugu zake. Reni huyeyuka kwenye nyuzi 3,186, tantali 3,017, molibdeni 2,623 na niobi 2,477. Kwa pamoja huitwa metali sugu kwa moto, ingawa tabia zao hazifanani. Niobi na tantali ni laini, hupindika hata zikiwa baridi. Tungsteni ikiwa baridi huvunjika, na hulainika pale tu inapopashwa mamia ya nyuzi. Molibdeni iko katikati ya hizo. Adui wao ni mmoja, naye ni oksijeni: molibdeni ikipashwa hewani mpaka ikaiva hutoa moshi mweupe, na moshi huo ni molibdeni yenyewe, imeshikana na oksijeni na sasa inakwenda zake.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini watu wajisumbue na viumbe wagumu kiasi hicho. Vinu vingi vya nyuklia vinavyofua umeme leo hupozwa kwa maji, na maji hayo hutoka kwenye moyo wa kinu yakiwa na nyuzi 300 na ushei. Mafuta ya urani hufungwa ndani ya ala za aloi ya zirkoni, ambayo kwa joto hilo inatosha kabisa na tena huziacha nyutroni zipite bila kuzimeza. Kuweka tungsteni mahali pale kungekuwa hasara, maana tungsteni humeza nyutroni, na nyutroni ndizo zinazoendesha kinu.

Wenye shida na metali sugu ni wale wanaotaka kinu chenye joto kali zaidi. Wa kwanza ni watu wa anga za juu.

Angani hakuna upepo wala mto wa kutupia joto la ziada. Joto huondoka kwa njia moja tu, kwa kumulika kutoka kwenye paneli za chombo. Mwaka 1879 mwanafizikia Josef Stefan alionyesha jinsi hesabu hiyo inavyokwenda: joto likipanda mara mbili kwa kipimo cha Kelvini, nguvu inayomulikwa hupanda mara 16. Kwa hiyo kinu cha moto zaidi huhitaji paneli ndogo zaidi, na paneli ndogo ni kilo chache za kurushwa kwa roketi. Hiyo ndiyo sababu mipango mingi ya vinu vya angani imeishia mlangoni kwa metali sugu. Marekani ilirusha kinu kidogo, SNAP-10A, tarehe 3 Aprili 1965, kikafanya kazi siku 43. Mwaka 1987 Wasovieti walirusha vinu vya aina ya Topaz ndani ya setilaiti Cosmos 1818 na Cosmos 1867. Wakati huo Wamarekani walikuwa wamekwisha kuanzisha mpango wa SP-100, uliokusudiwa kutumia aloi ya niobi yenye zirkoni kidogo, ala za mafuta zikiwa zimetandikwa reni kwa ndani na lithi iliyoyeyuka ikizunguka kama kipoozi. Mpango huo ulifutwa miaka ya 1990 kabla kinu hakijajengwa.

Roketi za nyuklia ni hadithi kali zaidi. Kati ya mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwaka 1972, Wamarekani walifanyia majaribio huko jangwani Nevada injini ambazo zilipitisha gesi ya hidrojeni katikati ya kinu ikatoka na joto linalozidi nyuzi 2,000 za Selsiasi. Viini vyake vilikuwa vya grafiti, na hidrojeni ya moto iliila grafiti hiyo. Tangu wakati huo tungsteni imekuwa ikitajwa kama mrithi wake, kwa kuwa hidrojeni haiishambulii hivyo. Lakini kutengeneza kipande cha tungsteni chenye mamia ya mifereji myembamba ya kupitishia gesi ilikuwa kazi ya kukata tamaa. Kuitoboa ni taabu, na kuichomelea huua nguvu yake pale penye kiungo.

Kifaa kinachoeleza vizuri kwa nini printa imeingia katika habari hii ni bomba la joto, lililobuniwa na George Grover na wenzake katika maabara ya Los Alamos mwaka 1963. Ni bomba lililozibwa pande zote, ndani yake mna kiasi kidogo cha sodi au lithi, na ukuta wake wa ndani umevikwa wavu au vijia vyembamba. Upande mmoja ukiwa kwenye kinu, sodi huchemka na kuwa mvuke. Mvuke hukimbilia upande wa pili, huacha joto lake huko, hurudi kuwa majimaji, na majimaji hayo hufyonzwa na wavu kurudi yalikotoka. Hakuna pampu, hakuna swichi. Mwezi Machi 2018, kinu cha majaribio kilichoitwa KRUSTY kilifanyiwa jaribio la saa 28 mfululizo huko Nevada; moyo wake ulikuwa wa aloi ya urani na molibdeni, na joto lake lilichukuliwa na mabomba ya sodi hadi kwenye injini ndogo za Stirling.

Kwa joto la KRUSTY, aloi ya nikeli ilitosha kutengenezea mabomba hayo. Ukitaka joto la juu zaidi, sodi inaipisha lithi, na aloi ya nikeli inaipisha molibdeni au tungsteni. Hapo fundi wa kawaida anakwama: wavu hutengenezwa peke yake, huingizwa ndani ya bomba kwa uangalifu mkubwa, kisha ncha huchomelewa. Printa inaahidi kujenga ukuta na wavu kwa pamoja, kipande kimoja kisicho na kiungo, wavu ukiwa mnene pale panapotakiwa na mwepesi kwingineko. Ahadi hiyo ndiyo iliyowavuta watu.

Kazi yenyewe inavyokwenda si ya siri. Ndani ya chumba kilichojazwa gesi ya argoni, kisu kipana hutandaza unga wa metali wenye vipunje vya mviringo, tabaka lenye unene wa mikromita 50 hivi, yaani sehemu moja ya 20 ya milimita. Mwale wa leza huchora umbo la tabaka hilo juu ya unga. Popote unapopita, unga huyeyuka na kuungana na tabaka la chini. Meza hushuka kidogo, kisu hutandaza unga mwingine, leza huchora tena. Kipande chenye urefu wa sentimita 10 huhitaji matabaka 2,000. Teknolojia hii ya leza ilizaliwa Aachen, Ujerumani, katikati ya miaka ya 1990, na leo hutumika kwa titani, kwa nikeli na kwa chuma cha pua bila makeke.

Kwa tungsteni mambo hubadilika. Kinyume na anavyodhani mtu anapoisikia ile namba ya 3,422, kuyeyusha si tatizo. Leza ya kisasa huelekeza nguvu yake yote mahali padogo kuliko kichwa cha pini, na tungsteni huyeyuka pale mara moja. Balaa huja sekunde inayofuata. Kidimbwi kile kidogo hupoa kwa kasi ya nyuzi laki moja na zaidi kwa sekunde, na kinapopoa hunywea, huku metali iliyokizunguka ikikataa kunywea pamoja nacho. Ni yaleyale ya glasi baridi iliyomiminiwa chai ya moto, ila hapa yanarudiwa mara elfu kadhaa ndani ya kipande kimoja. Metali laini hujinyoosha kidogo na kuvumilia. Tungsteni, ikishashuka chini ya joto lake la kulainika, haijui kujinyoosha. Inapasuka.

Watafiti wa maabara ya Lawrence Livermore, California, waliliona jambo hili kwa macho. Walielekeza kamera ya kasi kubwa kwenye bamba la tungsteni wakati leza ikipita, na katika kazi waliyoitoa mwaka 2020 walionyesha kwamba nyufa hazitokei metali inapokuwa majimaji wala inapoanza kuganda. Hutokea baadaye kidogo, metali ikiwa tayari imeganda, pale inapovuka ule mpaka wa kutoka ulaini kwenda ugumu wa kuvunjika. Ugunduzi mdogo, lakini uliwaambia mafundi mahali pa kupambania.

Kuna na oksijeni. Tungsteni na molibdeni zinapoganda, chembe zake hukua na kugusana, na uchafu wote uliokuwa ndani husukumwa kwenye mipaka ya chembe hizo. Oksijeni ikijaa mipakani, chembe hazishikani tena sawasawa. Ufa ukianza hufuata njia hiyo iliyokwisha kuchorwa. Kiasi kidogo sana cha oksijeni kinatosha kuharibu kazi ya siku nzima.

Dawa moja nzuri ilitoka katika milima ya Tyrol, Austria. Katika mji wa Reutte ipo kampuni ya Plansee, ambayo tangu 1921 haina kazi nyingine kubwa zaidi ya molibdeni na tungsteni. Watafiti wake, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Innsbruck, walichanganya kaboni kidogo kwenye molibdeni kabla ya kuichapa kwa leza, na mwaka 2019 wakaonyesha vipande vilivyojaa vizuri na visivyo na nyufa. Kaboni hufanya kazi mbili kwa pamoja. Huishika oksijeni na kuizuia isitawale mipakani, na hubadilisha namna molibdeni inavyoganda, chembe zikawa ndogo na mipaka yake ikawa imefumana badala ya kusimama wima moja kwa moja. Ufa ukija, haupati barabara iliyonyooka. Mtu anayesoma kazi hiyo anaona kwamba hawa hawakushinda kwa mashine kubwa zaidi; walishinda kwa kujua tabia ya metali yao, na pengine ndiyo sababu jibu lilitoka kwa watu waliokaa nayo karne nzima.

Dawa ya pili ni kutoiacha metali ipoe kabisa. Katika maabara ya taifa ya Oak Ridge, Tennessee, wametumia printa isiyo na leza. Hii huyeyusha unga kwa mwale wa elektroni, ndani ya ombwe, kwa hiyo oksijeni haina nafasi ya kuingia. Kabla ya kuchora kila tabaka, mwale hupita haraka juu ya unga wote na kuupasha. Kwa tungsteni joto hilo la kitanda huvuka nyuzi 1,000, na kipande chote hubaki cha moto mpaka tabaka la mwisho liishe. Hivyo ule mpaka hatari wa kuvunjika huvukwa mara moja tu, mwishoni, polepole, kipande kizima kikipoa kwa pamoja. Mwaka 2024 Oak Ridge ilitangaza kwamba imechapa kwa njia hiyo vipande vya tungsteni vyenye maumbo magumu bila kasoro.

Mashine ya elektroni ina vituko vyake. Elektroni hubeba chaji hasi, na unga ukishapokea nyingi mno, vipunje huanza kusukumana. Kwa kufumba na kufumbua unga wote huruka na kuwa wingu ndani ya chumba. Mafundi wanakiita kituko hicho moshi, ingawa hakuna kilichoungua, na kazi ya siku hiyo huwa imekwisha. Kuupasha unga kabla ya kuuchora husaidia, kwa sababu vipunje hushikana kidogo na chaji hupata pa kupitia. Lakini ushikamano huo huo huleta taabu nyingine: kipande kikishatoka, unga ulionata ndani ya mifereji myembamba hautoki kwa kutikisa wala kwa kupuliza. Ile mifereji iliyokuwa sababu ya kununua printa inaweza kubaki imeziba.

Upande mwingine wenye njaa ya tungsteni ni utafiti wa muungano wa nyuklia, ambao hautafuti kupasua urani bali kuunganisha viini vya hidrojeni, jinsi jua linavyofanya. Huko Cadarache, kusini mwa Ufaransa, nchi nyingi zinajenga ITER, mashine itakayoshika gesi yenye joto la nyuzi milioni 150 kwa nguvu ya sumaku. Gesi hiyo haitakiwi kugusa ukuta, lakini kuna sehemu ya chini ambako masalia yake lazima yatue, na huko kila mita ya mraba itapokea megawati 10 za joto kwa mfululizo na hata 20 kwa vipindi vifupi. Sehemu hiyo itavikwa tungsteni. Mwaka 2023 waendeshaji wa ITER waliamua pia kuachana na berili kwenye ukuta wa ndani na kuweka tungsteni. Palepale Cadarache ipo mashine ndogo iitwayo WEST, yenye sehemu za ndani za tungsteni, ambayo tarehe 12 Februari 2025 ilishikilia gesi yake kwa sekunde 1,337, zaidi ya dakika 22.

Vigae vya tungsteni vya ITER havichapwi. Hutengenezwa kwa njia za zamani na kushikizwa kwenye mabomba ya shaba yanayopitisha maji. Ugomvi uko pale tungsteni na shaba zinapokutana, kwa sababu shaba hutanuka sana kwa joto na tungsteni kidogo, na mwaka hadi mwaka kiungo huchoka. Katika taasisi ya Max Planck huko Garching, Ujerumani, watafiti wamejaribu kuichapa tungsteni kama kimia chenye matundu, kisha wakaijaza shaba iliyoyeyuka. Kwa kuamua wapi kimia kiwe kizito na wapi kiwe chepesi, wanaweza kuitoa sehemu hiyo kutoka tungsteni kwenda shaba hatua kwa hatua, bila mpaka mmoja mkali. Umbo la namna hiyo halifuliki wala halikerezeki. Hapa printa inafanya kitu ambacho hakikuwepo kabisa, na kwa maoni ya mwandishi huu ndio mfano wenye hoja nzito kuliko ule wa kupunguza gharama unaopigiwa debe kila mahali.

Cha kushangaza, tungsteni iliyochapwa imekwisha kuingia katika biashara ya kawaida, ila hospitalini. Kampuni ya Dunlee, tawi la Philips huko Uholanzi, huchapa kwa leza vichujio vya tungsteni tupu vyenye kuta za mikromita 100 hivi kwa ajili ya mashine za CT. Kazi yake ni kuzuia miale iliyopotoka isichafue picha ya mgonjwa. Vichujio hivyo havibebi mzigo wala havipashwi moto mkali, kwa hiyo ufa mdogo mdogo hauvidhuru.

Ndani ya kinu cha nyuklia hakuna msamaha huo. Watu wa nyuklia wameanza taratibu, na kwa chuma cha pua badala ya metali sugu. Mwaka 2017 kituo cha Krško, Slovenia, kilifungiwa kipande cha kwanza cha aina yake: feni ya pampu ya maji ya zimamoto, yenye kipenyo cha milimita 108, iliyochapwa na Siemens. Sababu yake ilikuwa ya kawaida mno. Kiwanda kilichotengeneza feni ya awali kilikuwa kimeshafungwa, michoro haikuwepo, basi wakapima ile ya zamani na kuchapa nyingine. Mwaka 2021 kinu namba 2 cha Browns Ferry, Alabama, kikapewa vibano vinne vya chuma cha pua vilivyochapwa Oak Ridge, vya kushikilia mafungu ya mafuta ndani ya kinu chenyewe, kwa mpango wa kukaa humo miaka sita. Mwaka 2025 Oak Ridge ikaeleza kwamba vikopo viwili vya chuma cha pua vilivyochapwa vimekaa karibu mwezi mmoja ndani ya kinu chake cha utafiti chenye nyutroni nyingi, vikatoka salama.

Mwendo huu wa kinyonga una maana. Kipande kilichosubiwa au kufuliwa kina historia ya miongo. Mkaguzi anajua atazame wapi. Kipande kilichochapwa kina maelfu ya matabaka, na kasoro inaweza kujificha katika lolote kati ya hayo. Oak Ridge wanajibu kwa programu iitwayo Peregrine, ambayo hupokea picha ya kila tabaka linapochorwa na kutafuta dosari papo hapo, ili kipande kitoke na rekodi ya maisha yake yote. Ni wazo zuri. Lakini picha haisemi nyutroni zitafanya nini. Nyutroni huziondoa atomi mahali pake, na ndani ya mashine ya muungano hufanya zaidi ya hapo: huigeuza tungsteni kidogo kidogo kuwa reni na osmi, metali nyingine kabisa, ambazo huiongezea wepesi wa kuvunjika. Hakuna njia ya mkato ya kulijua hilo. Kipande hukaa kinuni kwa miezi au miaka, hutolewa kikiwa na mionzi mikali, kisha hukatwa na kupimwa na mikono ya roboti nyuma ya kioo kinene.

Swali la metali hizi zinatoka wapi linawagusa wasomaji wa Kiswahili moja kwa moja. China huchimba takriban asilimia 80 ya tungsteni ya dunia, na Februari 2025 ilitangaza udhibiti wa kuuza nje bidhaa za tungsteni na molibdeni. Tangu hapo wanunuzi wanaangalia kwingine. Nyakabingo, wilayani Rulindo, kaskazini mwa Rwanda, ni mmoja wa migodi mikubwa ya tungsteni barani Afrika. Tantali hutoka kwenye koltani, na wanaoongoza kwa kuizalisha ni Kongo na Rwanda; machimbo ya Rubaya, wilayani Masisi, yamekuwa mikononi mwa waasi wa M23 tangu 2024, na hilo ni doa ambalo hakuna printa itakayolifuta. Niobi ipo katika kilima cha Panda karibu na Mbeya, na nyingine katika kilima cha Mrima huko Kwale, ingawa kwa sasa Brazil peke yake hutoa karibu asilimia 90 ya niobi ya dunia.

Umbali kati ya mgodi na printa ni mrefu kuliko unavyoonekana kwenye ramani. Mchanga mzito wa tungsteni ukishasafishwa mgodini huuzwa ulivyo. Huko mbele huyeyushwa kwa kemikali, hugeuzwa chumvi nyeupe, hupashwa ndani ya hidrojeni mpaka ukawa unga wa kijivu, kisha unga huo hupitishwa katika moto wa plazma ili kila kipunje kiwe cha mviringo na kiteleze chini ya kisu cha printa. Thamani hupanda katika kila hatua, na hatua zote hizo hufanyika nje ya Maziwa Makuu.

Wakati huohuo vinu vipya vinauzwa Afrika. Kenya imekuwa ikitafuta mahali pa kujenga kinu, kwanza Uyombo huko Kilifi, ambako wakazi walipinga, kisha Siaya. Septemba 2023 Rwanda ilitia saini na kampuni ya Dual Fluid makubaliano ya kujenga kinu cha majaribio cha aina mpya kinachopozwa kwa risasi iliyoyeyuka, aina ambayo imekusudiwa kufika nyuzi 1,000 hivi. Kwenye joto hilo chuma cha pua hakina la kusema, na mazungumzo ya metali sugu na printa yatakuja tu. Yakija, maofisa wa Kigali, Nairobi na hata wa Tume ya Nguvu za Atomiki ya Tanzania wasiulize kinu kimechapwa au hakijachapwa. Wamuulize muuzaji ni kipande kipi hasa kilichochapwa, ni cha metali gani, kilipozwa vipi, kimekaa miezi mingapi ndani ya nyutroni, na ni maabara ipi, isiyo yake mwenyewe, iliyokikata na kukitazama ndani.